Spika Isiyoongeza Neno

Munyiva, anayeuza makava ya simu kwenye kibanda kilichopakana na duka la spika la Mzee Jabir pale barabara ya Luthuli, anadai kwamba Kavindu, muuzaji wa duka hilo, alimzuia kijana mmoja mpiga gitaa humo kwa saa mbili nzima, akichomeka na kuchomoa waya, ili tu azidi kumtazama. Anadai pia alimwona Kavindu akipaka mafuta ya midomo akiwa amejificha nyuma ya spika. La mafuta ni kweli. La waya si kweli. Kazi ilikuwa kazi.

Kijana huyo, Mwendwa, aliingia mvua ikiwa ndiyo imekatika, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikononi, gitaa mgongoni, na kwapani kisanduku cheusi kisichozidi mkate. Kavindu alikuwa ndani ya gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe, penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Sasa," alisema Mwendwa. "Nataka kusikia hii kitu yangu kwa sauti kubwa. Ni ya kidijitali. Inaiga amplifaya zote za gitaa duniani."

"Zote? Hata ile ya nyumbani kwako?"

"Hiyo niliuza nikanunua hii. Wiki nzima nimeisikiza na hedifoni. Tamu, huwezi amini."

"Nikuchomekee kwenye nini?"

"Amplifaya ya gitaa. Kwani mimi hupiga zeze?"

Kavindu hakubishana. Alimchomekea. Mwendwa akapiga, na ile sauti aliyoipenda wiki nzima ikatoka nzito, imeziba, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

"Nimeuziwa mbovu," alisema polepole.

"Si mbovu. Kisanduku chako kishajifanya amplifaya. Halafu wewe umekiingiza ndani ya amplifaya nyingine, na hiyo nayo ina tabia zake. Hao ni watu wawili wanasimulia kisa kimoja kwa wakati mmoja." Akachomoa waya, akaupeleka kwenye spika ndefu yenye amplifaya yake ndani, kama zile ambazo wahubiri hununua. "Hii haina maoni. Inasema ulichosema. Piga."

Sauti ikafunguka. Kila uzi ulisikika peke yake, hata mkwaruzo wa kidole. Mwendwa akafumba macho, na alipoyafumbua hakuwa akitazama kisanduku.

"Sauti za juu ni kali kidogo," alisema, ili aseme kitu.

"Punguza kwa kisanduku, usiguse spika. Na ujue hapa ni dukani. Ngoma zikianza, spika ndogo itamezwa. Chukua kubwa hata kama hutaifungua sauti yote."

"Haya ulisomea wapi?"

"Darasa la nane, Mwala. Mengine nimesomea hapa, nikiangalia watu wakikosea."

Jioni hiyo simu ya Kavindu ililia.

"Kavi, kisanduku kimenuna."

"Kimemnunia nani?"

"Kinasema hakilii vizuri kama hauko karibu."

"Mwambie mwenye kisanduku aoge, ale, alale."

Lakini hakukata simu. Miezi miwili ilipita hivyo, simu kila jioni, na kila Jumapili chipsi na matembezi kule Hurlingham, Mwendwa akibeba mwavuli wa maua bila kuona haya.

Ndipo hoteli moja ya Westlands ikatafuta bendi ya kupiga Jumapili mchana. Majaribio ya bendi ya Mwendwa yalikuwa Alhamisi saa tisa. Kavindu aliomba ruhusa kwa Mzee Jabir, akaazima spika kubwa ya duka na kuifikisha kwa teksi, amevaa kitenge cha kijani alichoshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Aliisimamisha, akachomeka kila kitu, akaenda hadi meza ya mwisho ili asikie sauti ikifika kule iko vipi.

Debra, meneja wa hoteli, akapanda jukwaani na suti yake ya kijivu. "Yule dada ni fundi wenu wa sauti?"

Maiki ya Mwendwa ilikuwa wazi. "Aa, hapana. Ni msichana wa duka tu. Ameleta mzigo."

Spika haikuongeza wala kupunguza. Maneno yalifika meza ya mwisho kama yalivyotoka.

Kavindu hakulia. Aliwaonyesha kwa mkono wapunguze besi, akasubiri wimbo wa kwanza, akahakikisha gitaa linapita juu ya ngoma bila kuumiza sikio, kisha akachukua mkoba wake akashuka ngazi.

Mwendwa alipiga mara kumi na moja bila kujibiwa; mara ya kumi na mbili Kavindu akapokea.

"Mpenzi, tumepata kazi."

"Nilijua mtapata."

"Mbona uliondoka?"

"Mzigo ulikuwa umeshafika."

"Ulisikia," alisema Mwendwa.

"Ukumbi wote ulisikia. Spika irudi Jumamosi."

Jumamosi spika ikarudi, Mwendwa akiwa nayo, shati lile lile bila pasi. Desturi ya Mzee Jabir ni moja: kilichotoka hujaribiwa mbele yake kinaporudi. Kavindu akachomeka, akampa maiki bila kumtazama.

"Sema kitu."

"Moja, mbili." Mwendwa akanyamaza, akaanza upya. "Alhamisi niliulizwa kuhusu mwanamke, nikadanganya. Anaitwa Kavindu. Ni fundi wetu wa sauti. Niliogopa wataona sijui kazi yangu. Jana nimerudi kumwambia Debra ukweli, na kiti chako kimewekwa kando ya mitambo."

"Sijui kama imefika kwa Munyiva," alisema Kavindu, mkono kwenye kitufe.

"Imefika," Munyiva akaitikia kutoka nje.

Kavindu akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Basi hiyo imeisha. Usirudie."

"Kuna ingine. Nataka kupeleka mbuzi tatu kwenu Mwala. Za ntheo."

Mzee Jabir, mtu wa Lamu, akamgeukia Munyiva, ambaye sasa alikuwa mlangoni. "Ndiyo nini hiyo, binti yangu?"

"Mzee, bila hao mbuzi, kwetu Ukambani msichana hahesabiwi ameolewa, hata azae kumi."

"Alaa."

Kavindu alipandisha sauti ya spika kidogo, akarudi nyuma hadi ukutani, pale anaposimama kila akitaka kusikia kitu kama kilivyo. Akakunja mikono.

Mwendwa akaisogeza maiki karibu.

"Nizipeleke, Kavi?"