Dawa ya Josho Nyumbani kwa Lusia

Ndugu zangu wa Kansay, na ninyi mnaosoma habari hii mkiwa mbali na kwetu, mimi naitwa Lukresia. Nyumba yangu na ya marehemu Lusia zilitenganishwa na shamba la maharage tu. Nawaeleza yaliyotupata mwaka ule tulipojengewa josho la ng'ombe, kwa sababu naona wengi mmeanza kusahau. Mimi nikiona makopo ya dawa yamezagaa kwenye nyua zenu, mwili unanisisimka.

Ilikuwa siku ya jua zuri, mvua zikikaribia. Lusia alikuwa anakandika nyumba kama tufanyavyo wanawake wa huku: samadi mbichi, majivu na maji kidogo, unakanda kwa mikono mpaka ilainike, kisha unapaka ukuta na sakafu. Binti yake Hyasinta, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, alikuwa na kipande chake cha ukuta karibu na mlango, maana mtoto wa kike kwetu hupewa kipande chake mapema. Walikuwa wakiimba wimbo wa kanisani. Mtoto alikosea maneno na mama akacheka.

Mume wake, Bartolomeo, alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Mtu mwema, lakini mpenda mambo mapya kupita kiasi. Redio ya kwanza ya kitongoji ilikuwa yake. Aliponunua mwavuli, aliufungua jua likiwaka ili sote tuuone. Josho lilipoanza kazi alishinda pale, akitazama ng'ombe wanavyotumbukia upande huu na kutokea ule, na siku ya pili kupe wamekauka masikioni mwao. Sasa, nyumbani kwake viroboto walikuwa wanawatesa, kwa kuwa ndama na mbuzi hulala ndani pamoja nasi, na Hyasinta alijaa mapele. Balozi akawaza peke yake: dawa inayoua kupe, kiroboto ni nini mbele yake?

Akaenda kwa Eliamani, kijana wa Kilimanjaro aliyeajiriwa kutunza josho.

"Kijana wangu, nipe dawa kidogo. Nina ndama amevunjika mguu, hawezi kufika hapa."

Eliamani alisita. "Shikamoo mzee. Hii hairuhusiwi kutoka. Ni kali sana. Nikikupa, ni tone tu kwenye ndoo nzima ya maji, na usiiguse kwa mkono."

"Marahaba. Unamfundisha nani? Si mimi niliyewakusanya watu kulichimba josho hili?"

Hapakuwa na ndama aliyevunjika mguu. Lakini ni nani angemnyima balozi? Kijana akamjazia chupa ya soda.

Bartolomeo alimkuta mkewe bado anakanda samadi. "Mama Hyasinta, tunatia na hii. Viroboto leo ndio mwisho wao."

Lusia aliinusa akageuza uso. "Baba Hyasinta, hii si ya ng'ombe?"

"Kwani ng'ombe wetu wamekufa? Si wamenenepa?"

"Aliyekupa amesema itumikeje?"

"Amesema ni dawa nzuri."

Akaimimina yote, bila maji, kwa kuwa aliona kuizimua ni kuipunguzia nguvu. Lusia akaingiza mikono mpaka viwiko. Mtoto naye akachota fungu lake.

Kivuli cha nyumba yangu kilikuwa hakijafika uani nilipomsikia Lusia akiniita. Alikuwa ameegemea mlango, jasho linamtiririka ilhali upepo ulikuwa wa baridi, na mate yanamtoka bila kujizuia.

"Lukresia," alisema, "sikuoni vizuri."

Nilimtazama machoni. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama punje za ulezi. Nyama za mikono zilikuwa zinarukaruka zenyewe. Niliingiwa na hofu ambayo sijawahi kuipata tena. Wanaume wakambeba juu ya kitanda kuelekea zahanati, Bartolomeo akiwa mbele, nami nikabaki na Hyasinta. Mtoto aliponiuliza mama ana nini, nilimjibu ni malaria, maana ndivyo baba yake alivyotuambia.

Yaliyotokea zahanati nilisimuliwa na waliobeba kitanda. Mganga aliuliza, "Amekula nini huyu? Ameshika dawa yoyote?"

Bartolomeo aligeuka akawatazama watu wake wa nyumba kumi waliosimama nyuma yake wakisikiliza. Akasema, "Ni homa. Ilimwanza asubuhi."

Mganga akamdunga sindano ya malaria.

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Mke anakoroma, pumzi inakatika, na mume anajua sababu. Bartolomeo alimpenda Lusia, nami siwezi kumsingizia ukatili. Aliogopa kuchekwa. Aliogopa isemwe kwamba balozi alimdanganya kijana wa josho akaipaka nyumba yake sumu. Nikilikumbuka jambo hilo hasira hunipanda mpaka leo.

Huku nyumbani Hyasinta aliomba maji akashindwa kuyameza. Yalimtoka pamoja na mate. Nilipomwinua, mikono na gauni lake vilinuka josho. Hapo nikaelewa. Nikambeba mgongoni nikakimbia kuteremka njia ya zahanati, nikiita jina lake kila nilipovuta pumzi, maana kichwa chake kilikuwa kimelegea begani kwangu na sikujua kama nabeba mtoto au maiti.

"Mganga," nilisema mlangoni, "huyu ananuka dawa ya josho."

Bartolomeo alimwona mwanawe, akasema, "Ni yenyewe. Niliitia kwenye samadi. Chupa nzima."

"Na ulinyamaza?" Mganga aliagiza maji na sabuni, akawavua nguo, tukawaosha wote wawili. Akafungua kabati na kutoa sindano za kuipinga sumu ile, ambazo aliletewa tangu josho lilipojengwa. Nilikuwa nasugua vidole vya Lusia nilipoona kifua chake hakiinuki tena. Mganga alijaribu kila njia aliyoijua, kisha akamgeukia mtoto.

Hyasinta alipona. Nimemlea mimi, kwani nyumba ile ilibomolewa na udongo wake ukafukiwa mbali na kisima. Eliamani alifukuzwa kazi. Bartolomeo aliuacha ubalozi, na siku hizi ukimsalimia anakujibu akitazama chini.

Funzo

Bwana mifugo wa serikali alipotuletea neno teknolojia, tulidhani ni jina la vitu: josho, trekta, redio. Sasa najua kwamba vitu ni nusu yake tu. Nusu nyingine ni kujua kitu kinatumikaje, kwa kipimo gani, na kazi ipi si yake. Wapo wanaosema basi tuachane na mambo ya kisasa. Mimi sikubali. Ng'ombe wetu wanaishi kwa josho lile lile. Kinamama, mkiletewa dawa nyumbani, ulizeni kama Lusia alivyouliza, na msipojibiwa msiiguse.

Nanyi kinababa, mkikosea semeni papo hapo, hata mbele ya watu wote, wawacheke mpaka wachoke. Lusia alipofikishwa zahanati alikuwa anapumua, na sindano zilikuwa kabatini.