Fuvu Lisilotulia

Binti wa shangazi yangu tulimwita Rula, kwa sababu hata mkate aliukata kwa kipimo. Shahada yake ilibakiza kazi moja: kuonyesha kwamba vipimo vya fuvu kwenye picha za mashine ya CT, zinazoonyesha mfupa kwa pande tatu, vinalingana na vya mkono. Havikulingana. Picha zilizidi kwa milimita nne, katika majaribio yote sita, na mwalimu wake alishamwambia hii ndiyo nafasi ya mwisho.

Asubuhi hiyo alifika hospitalini akiwa amefura kwa hasira. Mpiga picha wa mashine ya CT alilaza fuvu la utafiti mezani, akawasha mashine, kisha akakodolea macho kioo cha kompyuta.

"Dada, mgonjwa wako ametikisika."

"Kaka, hilo ni fuvu kavu. Utani leo sina nafasi nao."

"Sitanii. Kingo zikitoka mbilimbili hivi, mtu amepumua. Ndiyo maana upana unazidi."

"Basi meza yako mbovu."

"Wagonjwa wote wa leo wamelala humo humo, picha safi."

Wakalifunga kwa mikanda. Wakalibana kwa sifongo. Kingo mbilimbili. Rula alilia kwa hasira, hata aibu hakuona.

Ili kumaliza ubishi, mpiga picha akabonyeza sauti iliyorekodiwa wanayosikilizishwa wagonjwa: *Vuta pumzi. Izuie. Usitikisike.*

Picha ikatoka safi. Rula akapima kiooni, akalinganisha na vipimo vyake vya mkono. Sawasawa. Akacheka peke yake.

"Dada," mpiga picha alinong'ona, "sauti ile ina sehemu ya pili. Ya kumruhusu apumue. Sijaibonyeza."

Rula alitazama fuvu kupitia dirisha la chumba cha mashine. Vipimo hivi vilikuwa vimemtesa mno.

"Usibonyeze bado," alisema. "Nahitaji picha ya pili."

Ya pili nayo ikatoka safi. Mpiga picha akabonyeza sehemu ya pili. *Pumua.*

Kipaza sauti cha chumba cha mashine kikaleta pumzi. Ndefu. Ya mtu aliyecheleweshwa.

Wakaingia. Ndani ya tundu la mashine, juu ya meno ya fuvu, palikuwa na ukungu. Mpiga picha aliufuta kwa kiganja. Ulikuwa na joto.

Vipimo vyote Rula anavyo. Mwalimu amevisifu, ila hatii sahihi hadi aelezwe jambo moja: fuvu lilitulizwa vipi? Rula bado hajajibu. Na ukungu ule, kila ukifutwa, unarudi palepale.