Harufu ya Waridi Kwenye Shati Lake

"Huyo mwanamke ni nani?"

Nilimuuliza mchumba wangu pale pale mlangoni, nimemkamata kola. Siku hizo kila jioni alikuja kwetu akinukia vingine: jana waridi, leo yasmini. Na mimi nina aleji ya maua, akinikumbatia tu ni chafya mfululizo!

"Mwanamke gani tena, mpenzi?"

"Usinifanye mtoto!"

Simu yake ikalia, ujumbe umeingia. Nikaiwahi.

"Njoo kesho mapema. Nimekuwekea jipya. Bibi harusi asijue."

Nikaivua pete ya uchumba.

"Irudishe kidoleni kwanza," akasema. "Vaa viatu, twende kwake."

Tukaishia kwenye duka dogo la maua. Mama mmoja, aproni imelowa, alikuwa anakata mashina.

"Shikamoo," nilisema, midomo nimeibana.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe mpiga chafya!"

Akamnyooshea mchumba wangu mkasi.

"Huyu kazunguka maduka yote kutafuta wa kukupambia harusi. Wenzangu wakamwambia anunue ya plastiki. Mimi nikasema tujaribu moja moja. Aweke ua mfuko wa shati, akukumbatie, kesho aniletee majibu."

Nikamgeukia mwenzangu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulishasema utaolewa mikono mitupu, bila shada. Lakini harusi ya dada yako ulikaa nje ya ukumbi, unachungulia maua dirishani. Nilikuona. Sikutaka nikutie tamaa halafu nishindwe."

Jamani! Mwanaume nimemkaba kola, kumbe mwenzangu alikuwa anahesabu chafya zangu.

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimeshakusamehe. Ila hiyo kola utainyoosha wewe."

Mama akacheka, akanipa ua jeupe. Lile vumbi la katikati alikuwa amelitoa lote kwa kikoleo kidogo, taratibu, bila kuchana hata jani. Mikono ya yule mama, acha tu!

"Nusa."

Nikanusa. Tukasubiri wote. Hakuna kitu.

"Mama, wewe ndiye utakayetupambia," nikasema. "Sitaki kusikia duka lingine."

Siku ya harusi niliingia ukumbini na shada langu jeupe, nikafika mbele salama salimini. Bwana harusi ndiye aliyekuwa anafuta pua.

"Na wewe una aleji?" nikamnong'oneza.

"Nyamaza bwana," akasema, machozi yanamtiririka. "Umependeza."