Waridi Alivuta Mara Moja

Magharibi ile nilimpelekea mume wangu Yakubu wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, pale kwenye daraja la kamba la mto Luama, katika njia ya misafara ya Kasongo na Kabambare. Yeye ndiye mlinzi wake. Daraja lenyewe ni jembamba, wawili hawapishani. Kwa hiyo anayetaka kuvuka kutoka ng'ambo huvuta kamba ya kengele mara mbili, kengele inalia upande wetu, mlinzi anazuia watu, kisha anamjibu kwa kuivuta kamba. Ikilia mara moja haijibiwi. Mzimu huita mara moja tu, kila mtoto wa kwetu anajua.

Masika yaliyopita kengele ililia mara moja. Yakubu hakujibu, akawapitisha wapagazi waliobeba pembe za ndovu. Katikati wakagongana na Waridi, mke wake mdogo, anatoka kwa mama yake ng'ambo. Hakungoja jibu. Mke aliyedekezwa hangoji. Maji yakamchukua, wala hatukumzika.

Mnadhani nilipumua? Wivu ulizidi. Mimi Yakubu aliniita Mama Amisi. Yule alimwita Waridi, kwa sauti laini ambayo sikupewa hata siku moja. Na bado anamtengea tonge la kwanza!

Nilimkuta juu ya mti wa kengele, anapapasa kamba yake.

"Mama Amisi, kamba iko muzima. Ulimi wa kengele iko muzima. Sasa siku ile mlio wa pili ulikwama wapi?"

"Shuka, ukule."

Alishuka. Upepo ukatulia. Nikasikia harufu ya mawese na karafuu... mafuta ya nywele za Waridi.

Ngo...

Mara moja.

Ng'ambo hapakuwa na mtu. Kamba ilikuwa imekaza, inachuruzika maji. Yakubu akanyoosha mkono ajibu. Nikaudaka.

"Usijibu!" nikanong'ona. "Mutu anavuta mbili. Huyu anakuja kukubeba."

"Na kama imekwama tena?" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nimuache tena?"

Nilitaka kumwokoa, ndiyo. Nilitaka pia yule mwanamke asimwite tena. Alikuwa wangu kabla hajawa wake! Nikachomoa kisu kiunoni mwa Yakubu, nikakata kamba ya kengele, nikaishusha kengele yenyewe. Nikaishindilia majani ya ndizi mpaka ulimi usitikisike, nikaikumbatia.

Mto ulikuwa unanguruma chini yetu.

Kengele ikalia kifuani pangu.

Yakubu akanitazama. Nikaibana kwa mikono yote miwili, nikamwomba Mungu iishie hapo.

Ikalia tena.

"Umesikia, Mama Amisi?" Alikuwa anatabasamu. "Mbili. Ni mutu."

Akasimama, akageukia mto.

"Waridi," akaita kwa ile sauti laini, "kuya. Njia iko wazi."

Daraja likaanza kutikisika kutoka ng'ambo, taratibu, kwa hatua za mtu asiye na mzigo. Yakubu akaingia darajani kumpokea.

Wali wangu hakuugusa.