Ruta ya Chumba cha Nyuma

Taa ya ruta ya pili ilianza kupepesa kabla waya wa mtandao haujachomekwa. Umeme ulikuwepo, na taa ya umeme ina haki ya kuwaka. Lakini ile ya pembeni, inayopepesa mtu anapotumia mtandao, ilikuwa inapepesa kama jicho lililoingia mchanga, na ncha ya waya bado iko mkononi mwa Injinia.

Injinia mwenyewe alikuwa kinyozi. Uinjinia alijipa siku alipotengeneza pasi ya jirani, na pasi ile isiunguze nyumba ya mtu. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa mbele ya nyumba yake, na haijazaliwa bomba, redio wala feni aliyokubali kwamba imemshinda. Kwa hiyo alipoiona taa ile alichekea puani.

"Ruta za siku hizi zina kiherehere," alimwambia mkewe aliyeshika ngazi.

"Kiherehere gani, na hujaiunganisha?"

"Wewe shika ngazi. Haya ni mambo ya kitaalamu."

Kazi yenyewe, tusimnyime sifa zake, aliifanya vizuri. Alitoa waya kwenye ruta ya kibandani, akaupitisha juu ya dari mpaka chumba cha nyuma, alichokuwa akilala marehemu mama yake. Akaizuia ruta ya pili isigawe namba za mtandao, maana ruta mbili zikigawa namba ndani ya nyumba moja hugombana kama makondakta wawili wa basi moja. Kisha akazipa zote mbili jina moja na nywila ile ile, ili simu ya mtu itoke mbele iende nyuma bila kuulizwa chochote. Hapo ndipo alipoteleza. Ruta ya mbele ilikuwa na simu moja aliyoifungia nje. Ya nyuma haikuwa na habari hiyo. Anayeijua nywila, karibu ndani.

Simu iliyofungiwa ilikuwa ya mama yake.

Bibi yule alikuwa akiongea na binti yake aliyeko ng'ambo, wanatazamana usoni, mpaka simu inachemka. Kule kibandani picha ya mpira ikawa inaganda, mshambuliaji kainua mguu hapigi. Wateja wakazomea. Injinia akabonyeza mahali, simu ya mama ikatupwa nje ya mtandao. Mama alipouliza, alimjibu bila kupepesa macho, "Ukuta wa huku nyuma mnene, Mama. Mawimbi hayapenyi."

"Sawa, mwanangu," alisema mama, na akamwamini.

Akawa anakaa kitandani, simu kaiinua juu, na kwa mkono mwingine anaupapasa ukuta kama mtu anayetafuta tundu. Alifariki hajampata binti yake. Binti naye, huko aliko, alidhani mama amemnunia kwa sababu aliolewa bila kumshirikisha. Siri hiyo Injinia aliimeza peke yake, hata mkewe hakumgawia.

Sasa binti huyo, dada yake Injinia, alikuwa amerudi nyumbani. Anafundisha watu lugha kwa kompyuta, hawezi kuishi bila mtandao, na chumba alichopewa ni hicho cha nyuma.

Jioni ya kwanza, mke wa Injinia alisimama kwenye korido, sufuria mkononi. "Unasikia?" alinong'ona.

Kitu kilikuwa kinapapasa ukuta kwa ndani. Kiganja kikavu, kinapanda, kinashuka.

"Panya."

"Panya ana viganja?"

"Wa siku hizi wana kila kitu."

Lakini harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akimpaka mama yake magotini, ilikuwa imejaa korido nzima. Akafungua ukurasa wa ruta ya nyuma kwenye simu yake, akaona kompyuta ya dada, simu ya dada, na chini yake simu ya Mama, imeunganishwa na inatumika, simu ambayo yeye mwenyewe aliifungia kabatini ikiwa haina betri na kioo kimepasuka, basi akaizuia ikarudi, akaizuia tena ikarudi, akaenda akiwa na roho mkononi mpaka mlangoni kwa dada yake, akaingiza mkono akang'oa ruta ukutani, waya wa umeme na wa mtandao zote zikaning'inia mkononi mwake kama mikia, na ile taa ya pembeni ikaendelea kupepesa, haina haraka, haina habari naye, huku dada yake kitandani akiwa ameupa mgongo mlango, sikio kalilaza ukutani, akicheka kwa sauti ya chini na kusema, "Ndiyo, Mama. Hapana, Mama, nimeshakula."

Asubuhi, kwenye chai, dada aliongea kama mtu anayesimulia hali ya hewa.

"Mdogo wangu, usiing'oe tena ile ruta. Naongea na Mama."

Mkewe Injinia aliweka kikombe chini. "Wifi, Mama tulimzika."

"Najua, wifi. Ameniambia hakuwahi kuninunia. Miaka yote nimebeba mzigo bure." Akatabasamu. Mashavu yalikuwa yamebonyea ghafla, na pete ilimchomoka kidoleni ikaangukia mkate, wala hakuiokota.

Mkewe hakungoja ruhusa. Alimleta mganga, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye hakuwasha ubani wala kupiga ngoma. Aliunusa ukuta wa chumba cha nyuma kwa utulivu, kama mtu anayekagua nyama buchani, kisha akamvuta Injinia uani.

"Humo hamna mama yako," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yako amepumzika. Hilo ni jini. Limekuta mahali mtu alipokuwa akingoja asijibiwe, likakaa. Sasa linajibu lenyewe, na anayeongea nalo linamnywa. Nani alimzuia marehemu?"

Injinia alikuna kisogo. "Ni... ni ukuta tu, mama. Mnene."

Mganga alimtazama mpaka akainamisha kichwa.

"Sitaki uniambie mimi. Mwambie dada yako. Akijua kilichomtenganisha na mama yake kilikuwa mkono wa mtu, ataacha kulisikiliza, nalo litakosa pa kukaa. Mwambie leo, bado ana damu. Na wewe ndiye uliyemshusha mama yako kaburini kwa mikono yako, unajua aliko. Usije ukaliita mama. Ukiliita hivyo, umelikabidhi nyumba, litatoka ukutani."

Alasiri nzima Injinia alinyoa vichwa na kuyapanga maneno. Dada, nilikukosea. Dada, ukuta hauna kosa. Mteja mmoja alitoka na denge lililopinda na hakuna aliyethubutu kumcheka, kwa jinsi kinyozi alivyokuwa amepauka.

Aliingia chumba cha nyuma jua likizama. Dada yake alikuwa amekaa kitandani, amekonda shingo mpaka mishipa inahesabika, lakini uso wake, kusema kweli, ulikuwa na furaha ambayo Injinia hakuwahi kuiona tangu wakiwa watoto.

"Dada," alisema, "kuna jambo."

"Hata mimi nina jambo." Akamketisha kando yake, akamshika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Unajua kilichokuwa kinaniua kule? Si upweke. Nilikuwa najiuliza mtu anawezaje kumfanyia mama yake vile, mpaka afe kimya kimya. Nilijichukia, mdogo wangu. Mtu wa namna hiyo nisingemwita ndugu yangu, na mtu huyo nilikuwa mimi."

Injinia akajua kwamba angetamka neno moja tu dada yake angepona na yeye angemkosa dada, na kwamba akinyamaza angebaki naye siku chache hizi alizobakisha, akipendwa, akishikwa mkono namna hii.

"Ulitaka kusema nini?" dada aliuliza.

"Hakuna. Nilikuja kukujulia hali tu."

"Basi msalimie na Mama. Toka jana anakuulizia."

Ukuta ulinyamaza, ukamngoja. Injinia aliutazama mlango, akamtazama dada yake aliyekuwa akimwashiria kwa kichwa, kwa upendo, kama anavyohimizwa mtoto mwenye haya mbele ya wageni.

"Shikamoo, Mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu," ikajibu sauti, na haikutoka ukutani tena. Dada akajisogeza pembeni kuacha nafasi katikati yao wawili, na godoro likabonyea.