Hatua Mia Tatu na Kumi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kisigino alimsaidia mama yake kufungua kibanda cha kushonea viatu chini ya ngazi za ghorofa lao. Alitoa kiti, akapanga misumari kwenye kopo, akatundika viatu vilivyokwisha kutengenezwa. Mama ndiye aliyempa jina hilo la utani, kwa kuwa binti yake alitembea akibamiza kisigino chini kama anayegonga mlango. Soli zake ziliisha nyuma kabla ya kwisha mbele.

"Wiki hii nakubadilishia kisigino mara ya pili," mama alisema. "Barabara imekukosea nini?"

"Ni kazi ya mwalimu, Mama. Tunapima mitaa."

Mwalimu wa jiografia alikuwa amewagawa wanafunzi katika makundi. Kila kundi lilitakiwa kutembea kwa miguu kutoka lango la shule, lizunguke mitaa ya jirani, lirudi langoni na kuchora ramani. Muuguzi wa zahanati angechagua ramani moja ya kumwongoza atakapopita nyumba kwa nyumba kuchanja watoto.

"Mtaa wa Nyuma ya Reli si lazima," mwalimu aliongeza. "Wazazi wengine wanasema hapafai. Mnaweza kuuacha."

Wengi walishusha pumzi. Kisigino alisimama. "Mwalimu, watoto wa kule hawaugui?"

Darasa likacheka. "Sikusema hivyo," mwalimu alijibu.

"Basi kundi letu litapita."

Wenzake wawili katika kundi, Kasuku na Daftari, walitazamana. Hakuna aliyewauliza. Kasuku aliitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Daftari, kijana mpole, aliandika kila kitu, hata idadi ya maandazi aliyokula.

Hawakuwa na futi ya kupimia mita nyingi, wakaamua kutumia miguu ya Kisigino. Alitembea mita mia moja za uwanja wa shule mara kumi, na kila mara akapata hatua mia moja na sitini. Daftari aliridhika. "Miguu yako ni rula," alisema. Kisigino aliyapenda maneno hayo kuliko alivyoonyesha.

Siku ya Jumatano walianza safari. Katika Mtaa wa Mabati nyundo za mafundi wa ndoo zilipiga kelele hata Kisigino akawa anahesabu kwa vidole. Katika Mtaa wa Masofa walipita katikati ya viti vilivyoanikwa bila vitambaa, mbavu nje. Kasuku aliomba maji ya kunywa kwenye milango mitatu na kurudi na habari za kila nyumba. Daftari aliandika hatua, kona na visima.

Kisha wakavuka reli. Uchochoro ulikuwa mwembamba. Watu waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Mbwa akabweka, mlango mmoja ukafungwa, halafu mwingine. Hakuna aliyesema tukimbie, lakini walipotokea upande wa pili jasho lilikuwa likiwatiririka.

"Mia tatu na kumi," Kisigino alisema, akihema.

Kesho yake, kiongozi wa kundi jingine, kijana waliyemwita Mlingoti kwa urefu wake, aliwasubiri mlangoni mwa darasa. "Kwa hiyo mlitoka mbio mpaka mkapoteza viatu?"

"Tulitembea polepole kama wenye mtaa," Kisigino alijibu bila kupepesa macho.

Kasuku alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza mwaka ule, akaufunga.

Jioni hiyo walitandaza karatasi kubwa sakafuni, karibu na kibanda cha mama. Hatua mia moja walizichora kwa sentimita nne. Daftari alisoma, Kisigino akavuta mistari. Mtaa wa Mabati ukakaa, Mtaa wa Masofa ukakaa. Lakini mstari wa mwisho, uliotakiwa kurudi kwenye lango la shule, uliishia njiani. Kati yake na lango palibaki nafasi ya upana wa dole gumba.

"Shule imehama," Kasuku alisema.

Walirudia hesabu mara mbili. Nafasi ikabaki palepale.

"Umeandika vibaya," Kisigino alimwambia Daftari.

"Nimeandika ulichosema."

"Hatua zangu hazikosei. Mara kumi uwanjani, umesahau?"

Daftari alichukua kifutio. "Tuuvute mstari kidogo ufike. Ramani ni ya kesho asubuhi, na nani atakwenda kuhesabu kule?"

"Hapana," Kisigino alisema, akaweka kiganja juu ya karatasi. "Sichori nisipokanyaga."

"Basi tuuache mtaa wote, kama kina Mlingoti."

"Hilo pia sitaki."

"Hutaki hili, hutaki lile. Unataka nini?" Kasuku aliuliza.

Tangu mwanzo alikuwa na neno kwa kila mtu: kwa mwalimu, kwa Mlingoti, kwa Daftari. Sasa palibaki karatasi tu, na karatasi haikubishana naye.

Mama, aliyekuwa akishona huku akisikia yote, alikata uzi kwa meno. "Nipe hivyo viatu ulivyovaa jana."

Alivigeuza juu chini. Kisigino kipya alichogongelea Jumatano asubuhi kilikuwa bado kizima, lakini ncha za mbele zilikuwa zimechubuka mpaka rangi imetoka.

"Miaka yote nakarabati viatu vyako nyuma," mama alisema taratibu. "Hapa umetembelea vidole. Mwanangu, mtu hutembelea vidole anapofanya nini?"

Kisigino alitazama misumari kwenye kopo.

"Anapokimbia," alisema mwishowe. "Nilikimbia, Mama. Niliogopa. Na darasani nikasema nilitembea polepole. Daftari, hukuandika vibaya. Anayekimbia hatua zake huwa ndefu, kwa hiyo zilikuwa chache."

"Nami nilikimbia," Kasuku alisema. "Ila mimi sikuwa rula."

Wakacheka wote, hata mama. Kisigino akainuka. "Jua bado lipo. Narudi. Asiyetaka asije."

"Maliza kwanza kufunga kamba," mama alisema, akivua aproni. "Nawasindikiza hadi relini. Nitawangojea pale pale, na msikawie."

Safari hii Kisigino aliusikia mlio wa visigino vyake mwenyewe juu ya ardhi ngumu. Moyo ulimwenda mbio, lakini miguu akaikatalia. Mbwa alibweka mara mbili, akaona hakuna wa kumkimbiza, akalala. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimsuka binti yake nywele kizingitini aliinua uso.

"Ninyi si ndio mliopita jana mbio kama mmeiba kuku?"

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Tulifunga milango, tukadhani nyuma yenu kuna fujo inakuja."

Kasuku alishika tumbo kwa kicheko. Kumbe mtaa mzima ulikuwa umewaogopa wao.

Msusi huyo aliwaonyesha kwa kitana vichochoro viwili vya pembeni ambavyo jana hawakuviona kabisa. Daftari alihesabu humo milango ishirini na saba. Walipotokea upande wa pili, Kisigino alisimama. "Mia tatu na sitini na mbili." Usiku haukuwa umeingia bado walipouchora upya mtaa huo. Mstari uligusa lango la shule.

Asubuhi mwalimu alipanga ramani ubaoni. Ya kundi la Kisigino ndiyo pekee yenye mkwaruzo: namba 310 imekatwa kwa kalamu, na 362 imeandikwa juu yake.

"Hamkupata muda wa kunakili upya?" mwalimu aliuliza.

"Tulipata, Mwalimu. Mimi ndiye niliyekataa." Kisigino alimgeukia Mlingoti. "Nilikudanganya. Tulikimbia. Mia tatu na kumi ni hatua za woga wangu. Hizi nyingine ndizo za mtaa."

Muuguzi alipita mbele ya ramani zote polepole, kisha akaweka kidole kwenye vichochoro viwili. "Milango ishirini na saba. Miaka mitatu nachanja hapa mjini, sijawahi kuambiwa ipo. Naomba hii."

Mwalimu aliitoa ubaoni kwa uangalifu. "Nami nina langu la kukiri," aliliambia darasa. "Niliwaruhusu kuuacha mtaa ambao mimi mwenyewe sijaukanyaga. Kuogopa si kosa, watoto wangu, na kukosea hesabu si kosa. Kosa ni kuuficha woga ndani ya hesabu, kwa sababu mwingine ataifuata na kupotea. Ukigundua umekosea, fanya kama hawa: sema, kisha rudi ukahesabu tena."

Jumatatu, muuguzi alivuka reli akiwa na sanduku lake la chanjo. Mbele yake alitembea Kisigino, akibamiza visigino chini, ili kila mlango usikie kwamba safari hii hakuna anayekimbia.