Fuksia za Mama na Kuku wa Jirani

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chiriku alikimbilia nyuma ya jiko kutazama makopo yake manne. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, fundi baiskeli, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini tangu mama aondoke kwenda kumuuguza bibi, mbali huko milimani, Chiriku alikuwa amepungua maneno. Ndala za mama zilikuwa bado mlangoni, na hakuna aliyezigusa.

Ndani ya makopo mlikuwa na vipandikizi vya fuksia. Kichaka chenyewe mama alikuwa amekipanda kando ya ukuta zamani, maua yake mekundu na ya zambarau yakining'inia kama hereni. Mafundi wa bomba walipochimba mtaro, walikikata na kuking'oa bila kuuliza. Chiriku aliokota matawi huku analia. Baba akampigia mama simu.

"Usilie, mwanangu," mama alisema. "Fuksia yetu ni ngumu, inavumilia hata baridi. Kata ncha changa zisizo na maua, urefu wa kidole. Ondoa majani ya chini, uzichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Zifunike kwa mfuko unaopitisha mwanga, uziweke kivulini, usizisumbue. Zikitoa mizizi, nami nitakuwa njiani."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkaa Chiriku moyoni.

Siku chache tu baadaye akaanza kuchungulia. Alifunua mfuko, akachomoa kijiti kimoja polepole, akatazama chini yake. Hakuna kitu. Akakirudisha. Kesho yake akachomoa kingine, kisha kingine tena. Haukupita muda, viwili vikalegea na kuwa vyeusi.

"Nani anavichokora hivi?" baba aliuliza, akijifuta grisi mikononi.

Chiriku alinyoosha kidole upande wa jirani. "Ni kuku wa jirani, baba."

Jirani yao alikuwa mama mshonaji, mpole kupita kiasi. Baba alipomwambia, Chiriku akiwa kando yake, aliomba radhi, akaomba tena, kisha akamfunika kuku wake kwa tenga.

Mchana kutwa kuku alilia. Vifaranga vyake vilizunguka nje ya tenga vikitafuta pa kuingilia. Chiriku alikuwa kibarazani na hesabu zake za shule, lakini tarakimu zilimchanganya. Kifaranga kimoja kilijibana kwenye tenga, mdomo wake katikati ya fito, kikilia pii, pii, pii. Chiriku akafunga daftari, akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya baba.

"Baba, si kuku. Ni mimi."

Baba alisimamisha gurudumu alilokuwa akilizungusha. "Kwa nini uving'oe, na wewe ndiye unayevipenda?"

"Mama alisema vikitoa mizizi atakuwa njiani. Nilitaka kuona kama amekaribia."

Baba aliinuka, akajifuta mikono. "Hata mimi namngoja," alisema. "Lakini kwanza twende kwa jirani."

Mama mshonaji alisikiliza huku uzi ukiwa bado mdomoni. "Kumbe kuku wangu kafungwa kwa kesi ya kusingiziwa!" akasema, akacheka. Kicheko kilipoisha, akamtazama Chiriku. "Lakini nilikuwa nikiomba radhi, mwanangu, nawe umesimama hapohapo, kimya."

"Nisamehe, mama."

Alimwacha afunue tenga mwenyewe. Vifaranga vikaingia chini ya mbawa kwa fujo.

Tangu siku hiyo Chiriku alinyunyiza maji kidogo tu, kisha akafunga mikono nyuma ya mgongo ili isimshawishi. Baridi ikaja, ikapungua. Asubuhi moja akaona jani jipya, dogo kama ukucha. Baba aliinua kopo, na kwenye tundu la chini mlichungulia mizizi myembamba, myeupe.

Chiriku alikwenda kusimama barabarani mpaka jua likazama. Mama hakuja. Bibi alikuwa bado hajapona.

Mvua zilipoanza, bibi naye akiwa amepata nafuu, ndipo mama akarudi, amekonda, mfuko begani. Hata kabla ya kupumzika, walichimba shimo pamoja. "Tuupande mche huu kwa kina," mama alisema, "ili baridi ikiua matawi, shina lichipue tena kutoka chini." Mche wa pili Chiriku alimpelekea mama mshonaji.

Aliporudi, alimsimulia mama kisa chote, cha kuku na cha uongo. Mama alinawa udongo mikononi polepole.

"Mwanangu, mimi nami nilikosea. Nilikuahidi jambo nisiloliweza, kwa kuwa nilitamani sana liwe kweli. Lakini nisikilize. Moyo ukiwa na haraka, mikono huharibu. Kinachokua hutaka kuachwa kikue. Na ukikosea, sema mapema, usimtwike mzigo wako asiye na kinywa cha kujitetea. Ukinikumbuka, sema tu kwamba umenikumbuka. Si aibu."

"Nimekukumbuka, mama."

"Lakini si nimesharudi?"

"Hata hivyo," alisema Chiriku.